Chumvi Iliyogoma Kugawanyika

Katika Ndalambo yote, na hata ukivuka mpaka kwa ndugu wa upande wa Nakonde, hakuwapo mtu aliyejua kugawa kitu kama Mzee Anania. Vitani Burma alikuwa mgawa posho wa kombania yake. Inasemekana, na aliyesema zaidi ni yeye mwenyewe, kwamba siku moja aliwagawia askari mia kopo moja la samaki, kila mtu akashiba, na bado akabakiza mkia wa kumpa paka wa meja. Vita vya Hitla vilipokwisha akarudi nyumbani na medali moja, koti moja, na kiburi cha kujaza lori.

Tangu hapo hakuna ng'ombe aliyechinjwa bila Anania kuitwa. Alikuwa akifika, anaizunguka nyama mara moja, anafumba jicho la kushoto, kisha anasema, "Nyumba saba, mafungu saba, kaeni chini." Na kweli yalikuwa yakitoka saba yaliyolingana, hata wachawi wa kupima kwa macho wasione kasoro. "Sijaona kitu kisichogawanyika," alikuwa akijigamba. "Kama kipo, kileteni."

Basi, kikaletwa. Tena kikaletwa na kijana aliyekuja kumposa binti yake.

Binti huyo ndiye Fides, mtoto pekee wa Anania, aliyekua akichezea mawe uani huku baba yake akimfundisha kuyapanga mawili mawili, matatu matatu, hadi wenzake wakawa wanamkimbia kwenye michezo kwa sababu kila mchezo yeye aliugeuza hesabu. Kijana aliitwa Enoka. Mrefu, mwembamba, na mwenye kucheka hata pale ambapo haikufaa. Anania alimpenda kimyakimya, lakini hilo asingelitamka hata kwa kuchomwa moto.

Tatizo lilikuwa desturi. Katika ukoo wa Anania (wapo waliodai desturi yenyewe aliitunga melini akirudi kutoka Burma) mchumba hakutakiwa kuleta majembe wala blanketi kwanza. Alitakiwa kuleta chumvi ya Ivuna, iliyofungwa kwa maganda ya mahindi, kila kifurushi kama ngumi ya mtoto. Wazee waliipanga juu ya mikeka kwa mistari iliyolingana, na kila mstari ulikwenda kwa nyumba moja ya ukoo. Mistari iwe mingapi, shauri lao. Lakini kikibaki kifurushi hata kimoja pembeni, huo ni mkia. Na chumvi yenye mkia inarudi ilikotoka, pamoja na aliyeileta, mpaka kiangazi kingine.

"Chumvi yenye mkia huzaa ndoa yenye mkia," Anania alieleza. Ndoa yenye mkia ni ndoa ya namna gani, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Sasa kiangazi kingine kwa Enoka hakikuwapo. Jumatatu lori la kuchukua vijana wa kwenda kwenye migodi ya shaba lingepita Tunduma, naye alikwishaahidiwa nafasi. Akikataliwa Jumamosi hii, angepanda. Na kila mtu Ndalambo alijua habari za migodi. Kijana anakwenda kwa mwaka mmoja, unaletewa salamu kwamba ameoa huko, ana baiskeli na watoto watatu, na jina lako halikumbuki.

Ndiyo maana Enoka alikaa Ivuna kiangazi kizima akichota maji ya chumvi na kuyachemsha mpaka nyusi zikaungua. Mshenga wake alikuwa mjomba wake Mbonile, mzee mfupi mwenye maneno mengi, na yeye ndiye aliyempa siri. "Peleka elfu moja na nane, mpwa wangu. Ni namba yenye adabu. Waseme mistari miwili, inakubali. Mitatu, inakubali. Minne, sita, saba, minane, tisa, kumi na miwili, inakubali tu, kama bibi harusi mbele ya padri."

Jumamosi ilikuwa siku ya gulio. Mkokoteni wa ng'ombe uliingia uani kwa Anania na vigelegele nyuma yake. Mikeka ikatandikwa. Wazee wa ukoo wakakaa kwenye vigoda. Dada mkubwa wa Anania, Shangazi Roda, ambaye sauti yake ilisikika hadi gulioni bila yeye kusimama, akakaa mbele kabisa akiwa na ungo mapajani, tayari kupokea.

"Mzee wetu," Mbonile alisema, akipiga makofi ya heshima, "tumeleta elfu moja na nane. Hesabuni, mkalale usingizi."

Anania akahesabu. Akafika mwisho, akakuna shingo, akahesabu tena kutoka nyuma.

"Elfu moja na tisa," alisema.

"Nane, mzee."

"Tisa! Mimi nimehesabu risasi gizani, nitashindwa chumvi mchana?"

Mbonile akamgeukia mpwa wake. Enoka alikuwa ameacha kucheka. "Mjomba," alisema polepole, "kuna mama mmoja kule Ivuna aliyekuwa akiniuzia kuni na maganda ya kufungia. Nilipokwisha kufunga mzigo akaniwekea kimoja juu. Akaniambia mteja mkubwa haondoki bila mbasela."

"Na wewe ukapokea?"

"Sasa mjomba, ningekataa mbasela?"

Wazee wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Nyongeza ya muuzaji haikataliwi, watu wa mpakani wanalijua hilo kabla ya kujua kutembea. Mtu anayekataa mbasela ni wa kuogopwa, pengine amefanya jambo baya huko atokako.

"Basi tukitoe kimoja," mzee mmoja alinong'ona.

"Kilichoingia uani kimeingia," Anania alijibu. "Hakitolewi, hakifichwi, hakipikwi kabla ya kugawa. Lakini wasiwasi wa nini? Elfu moja na tisa ni chumvi tu. Nitaigawa." Akavua koti, jambo ambalo lilimaanisha vita.

Alianza na mistari miwili. Kikabaki kimoja. Mistari mitatu. Kikabaki kimoja. Akacheka kidogo, kama mtu anayetaniwa na mtoto.

"Jaribu minne," Mbonile alisema.

"We mzee, umelelewa wapi? Iliyokataa miwili itakubali minne? Minne si miwili iliyokatwa mara mbili? Minne, sita, minane, kumi, zote hizo ni wajukuu wa mbili. Bibi akikufukuza nyumbani kwake, usiende kubisha hodi kwa wajukuu." Hapo Anania alikuwa kwenye maji yake. "Na ya tatu hivyo hivyo. Tisa, kumi na tano, zote tupa kule. Tano!"

Tano ikaacha mkia wa vifurushi vinne. Saba ikaacha kimoja, tena kimekaa peke yake mwisho wa mkeka kama kinamcheka. Kumi na moja, mkia. Kumi na tatu, mkia. Vijana wa ukoo walikuwa wakikimbia huku na huku wakipanga na kupangua, magoti yamejaa vumbi, na watu wa gulioni wakaanza kusogea kwenye ua kutazama. Kumi na saba, mkia. Kumi na tisa ilikaribia sana. Mistari ilinyooka, watu wakavuta pumzi, Roda akainua ungo, halafu vikabaki viwili.

"Aa!" uwanja mzima ulilia, kama watu walioona mpira ukigonga mlingoti.

Jasho lilimtoka Anania. Hakuwahi kulitoa mbele ya Wajapani, lakini siku hiyo lilimtiririka hadi kwenye mkanda. Alimtupia jicho binti yake. Fides alikuwa amesimama karibu na ghala, ameshika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili, midomo ikicheza. Anania alifahamu midomo ile. Mtoto alikuwa anahesabu.

Ishirini na tatu, mkia mrefu. Ishirini na tisa, mkia mrefu zaidi. Thelathini na moja, vikabaki kumi na saba vimerundikana ovyo.

(Siku hizi watoto wa shule wanaziita namba za namna hii namba tasa. Heri jina hilo halikuwa limefika Ndalambo. Neno kama hilo kulitamka mbele ya msichana anayeposwa, Shangazi Roda angemmaliza mtu kwa ungo.)

"Thelathini na saba!" Anania aliamuru. "Kisha arobaini na moja. Nitakwenda mpaka mia tano kama ni lazima. Lori la Jumatatu na lisubiri!"

"Baba," Fides aliita.

"Usinikatize."

"Baba, usiwachoshe watu. Haipo."

Vijana wakaacha kupanga. Fides akaja mpaka kwenye ukingo wa mkeka. Hakumtazama Enoka, alijua akimtazama atalia. "Sema umepanga mistari arobaini. Kila mstari utakuwa na vifurushi vingapi?"

"Ishirini na kitu."

"Haya. Sasa toka hapo ulipo, njoo usimame huku ubavuni. Unaona nini? Mistari ishirini na kitu, kila mmoja una arobaini. Mkeka ni ule ule, wewe ndiye umehama. Na ishirini na kitu zote tumekwishajaribu, wao na mabibi zao."

Anania alifumba jicho la kushoto. Akatoka mbele, akaenda ubavuni, akarudi mbele. Wazee wawili wakainuka na kumfuata, wakazunguka mkeka mmoja nyuma ya mwingine kama watu wanaotafuta sindano.

"Thelathini na mbili kwa thelathini na mbili," Fides aliendelea, "ni elfu moja na ishirini na nne. Chumvi hiyo hatuna. Kwa hiyo mkeka wowote utakaoupanga, upande wake mmoja lazima uwe chini ya thelathini na mbili. Na huko chini tumefika mpaka mwisho, hakuna hata mmoja uliokubali. Ukienda mia tano, utakuwa unatembea tu."

Anania alisikia vitu viwili kwa pamoja kifuani. Kimoja kilikuwa fahari, maana yeye ndiye aliyemfundisha mtoto huyu mawe, na sasa mtoto anatembea mbele yake. Cha pili kilikuwa kama kisu. Binti yake amejivunjia uchumba kwa hesabu yake mwenyewe, mbele ya watu, bila kosa hata moja.

"Basi," alisema Mbonile kwa unyonge, akiokota fimbo yake. "Mpwa wangu, tufunge mzigo."

"Sijamaliza," Fides akasema. "Nimesema kati ya mbili na elfu moja na nane haipo. Sikusema haipo kabisa. Baba, ulianza na miwili. Kwa nini hukuanza na mmoja?"

Anania alitoa macho. Mmoja! Mstari mmoja, mrefu, wote umelingana kwa sababu hauna wa kulingana naye, na hakuna mkia! Uso wake ukang'aa kama sufuria mpya. "Mmoja!" alipaza sauti. "Desturi haikukataza mmoja! Mstari mmoja kwa nyumba moja, na nyumba yenye binti ni yangu! Enoka, mwanangu, chumvi yote nimeipokea!"

Kelele zilizofuata zinasemekana ziliwaamsha viboko wa Ziwa Rukwa. Wazee wote waliruka kutoka kwenye vigoda.

"Nyumba moja! Huyu kaenda Burma kujifunza wizi!"

"Mimi nimekaa juani tangu asubuhi nipate harufu?"

Roda alisimama, na aliposimama Roda wengine walikaa. "We Anania. We mdogo wangu niliyekubeba mgongoni ukaninyea. Elfu moja na tisa uzile peke yako? Upike nini, bahari?"

"Dada, si mimi, ni hesabu."

"Hesabu ndiyo ina tumbo?"

"Shangazi," Fides alimshika mkono, "mwambie baba ahamie ubavuni."

Roda alimtazama mpwa wake, kisha akautazama mkeka. Hakuwa mtu wa namba, lakini alikuwa amegawa ugali miaka yote ya maisha yake, naye akaelewa kabla ya ndugu yake kuelewa. Akaanza kucheka, tumbo likamtikisika, ungo ukamwanguka. "Anania! Njoo huku! Upange huo mstari wako mmoja, halafu njoo usimame ubavuni, uniambie unaona nini!"

Anania alikuja akiburuta miguu. Alitazama. Alichokiona hakukipenda hata kidogo. Mstari mmoja wenye vifurushi elfu moja na tisa, ukisimama ubavuni, ni mistari elfu moja na tisa yenye kifurushi kimoja kimoja.

"Kila mtu kimoja," Roda alitangaza, na gulio likasikia. "Chumvi hii imekataa wazee, imekataa nyumba, imekataa makundi. Inataka watu elfu moja na tisa, kila mmoja na chake. Wakipatikana, mkia hakuna, na binti ameposwa. Haya, nani hapendi chumvi?"

Sijui kama umewahi kuona gulio zima linahama. Wauza mahindi waliacha mahindi. Fundi viatu alikuja na kiatu kimoja cha mteja mkononi, na mteja alikuja akirukaruka kwa mguu mmoja nyuma yake. Enoka na vijana walitandika nyasi na kuupanga mstari kuanzia mlangoni kwa Anania, ukapita ghala, ukapita gulio, ukateremka hadi kijitoni, ukavuka kwenye magogo na kupanda upande wa pili. Habari ilikimbia kuliko baiskeli. Waliokuwa njiani kwenda Tunduma waligeuza, na ndugu wa ng'ambo waliokuja gulioni kuuza samaki wakavu wakaitana kwa Kibemba, wakaja kundi zima na vikapu.

Roda alitembea kando ya mstari akitoa hukumu. Mtoto mgongoni ni mtu? "Ana kinywa cha kulamba? Ni mtu." Bibi aliyelala nyumbani hawezi kutembea? "Abebwe na kitanda." Akabebwa na kitanda, akiwa amejipaka mafuta. Mwanamume mmoja alisimama karibu na ghala, kisha akazunguka, akajifunga kanga ya mkewe na kusimama tena kijitoni. Roda alimtambua kwa ndevu.

"Mama gani wewe una ndevu kama beberu?"

"Ni ugonjwa, shangazi."

"Dawa ya ugonjwa wako ninayo," Roda alisema, na mtu yule akakimbia huku kanga ikimvuka, na mstari mzima ukacheka kwa zamu, kicheko kikiteremka kutoka uani hadi kijitoni na kupanda tena.

Anania aliukagua mstari kama anakagua gwaride, mikono nyuma. Hakutaka kukubali, lakini moyo wake ulikuwa umeanza kufunguka. Vitani aligawia watu wenye njaa, na kila uso ulimtazama kwa shaka, unapima kama mwenzake amepata zaidi. Hapa hakuna aliyempima mwenzake. Wangepima nini? Kimoja ni kimoja. Aliwaona maadui wa mpaka wa shamba wamesimama bega kwa bega wakiulizana habari za watoto.

"Mzee," Enoka alikuja mbio kutoka ng'ambo ya kijito, akihema, "wamefika mwisho. Kila kifurushi kina mtu. Isipokuwa kimoja."

Kilikuwa kile cha kwanza kabisa, cha mlangoni. Watu walikuwa wamekiacha kwa heshima, kila mmoja akidhani kina mwenyewe.

"Asimame Mbonile," Anania alisema.

"Siwezi, mzee wetu. Sisi ni watoaji. Mtoaji akichukua alichotoa, ametoa nini?"

"Fides basi."

"Binti ndiye anayeposwa," Roda alisema. "Ataposwa na kujipokelea mahari?" Akatazama njia ya gulio. Ilikuwa tupu, hata mbwa walikuwa kwenye mstari wakisubiri nao bahati yao. Akamgeukia ndugu yake. "Changu ninacho. Umebaki wewe."

Anania akajivuta koti ambalo hakuwa amelivaa. "Mgawaji hajigawii."

Lakini haikuwa hilo, na yeye mwenyewe alijua. Alipopaza sauti kwamba ni mmoja, alikwishaota mstari mzima, chumvi ya miaka miwili, magunia yamepangwa chini ya kitanda na majirani wakija kuomba kwa unyenyekevu. Na sasa ainame mbele ya watu wote, yeye Anania wa Burma, aokote kifurushi kimoja, sawa na mtoto wa mgongoni, sawa na mteja wa fundi viatu mwenye mguu mmoja mtupu.

Alitazama mstari. Vichwa vilikuwa vimemgeukia mpaka huko chini. Alimtazama Enoka, aliyesimama na nyusi zake zilizoungua, mikono imening'inia, hajui kama Jumatatu atakuwa mkwe au atakuwa ndani ya lori. Kisha akamtazama Fides. Safari hii midomo ya binti haikucheza. Hesabu yake alikwishaimaliza. Sehemu iliyobaki haikuwa ya hesabu.

"Inama, we mwanaume," Roda alisema, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

Anania akainama. Mgongo ukalia ko! kama mlango wa kanisa. Akakiokota kifurushi, akakifungua pale pale, akalamba kidogo kwa ncha ya ulimi, akakunja uso.

"Kali," alisema. "Nzuri. Mkwe wangu, umechemsha vizuri. Mwambie mwenye lori akachukue mtu mwingine."

Enoka aliruka juu, akatua kwenye mkeka wa wazee, akaruka tena. Vigelegele vikaanzia kwa Roda mlangoni, vikashuka na mstari, mtu baada ya mtu, kila mmoja na chumvi yake mkononi, vikapita gulio na kuvuka magogo. Vilipomfikia wa mwisho kule ng'ambo ya kijito, huku uani walikuwa wameshaanza upya, na Anania alikuwa anapiga kelele kwamba mkeka wake si wa kurukiwa, shukeni, shukeni, huku na yeye mguu mmoja umeshapanda juu yake.